Mguu Mmoja Kwenye Breki, Mwingine Kwenye Mafuta

Wenzangu tuliokula maharage ya bweni pamoja, nanyi vijana mlioko madarasani sasa,

Siku ya mkutano wetu uliopita kijana mmoja wa kidato cha tatu alinifuata penye magari yaliyoegeshwa uwanjani. Baada ya shikamoo akaniuliza: "Mzee, kwa nini gari la otomatiki lenye turbo huzubaa kwanza, ndipo lichomoke?" Nilimjibu haraka haraka kwa kuwa pilau ilikuwa imekwisha pakuliwa. Tangu hapo jibu lile linanikera. Lilikuwa nusu jibu, na nusu jibu ndilo lililowahi kuniunguzia gia boksi ya gari la shemeji yangu.

Vitu viwili vinavyohusika hapa vilipata hataza mwaka mmoja, yaani 1905. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alibuni namna ya kutumia moshi wa injini kuzungusha feni, nayo feni isindilie hewa ndani ya injini ile ile. Hermann Föttinger, Mjerumani wa kiwanda cha meli huko Stettin, alitafuta njia ya kupeleka nguvu za tabo la mvuke hadi kwenye rafadha kwa kutumia kimiminika. Baharini ndiko uvumbuzi wote huu ulikokomaa, na ilipita zaidi ya nusu karne kabla haujakutana ndani ya gari la kwendea sokoni.

Chombo cha Föttinger mafundi wetu hukiita torki konvata. Chukua feni mbili, uzielekeze uso kwa uso, uwashe moja: upepo wake utaizungusha ya pili. Badala ya upepo weka mafuta, na katikati weka mapanga ya kuyageuza mafuta yanaporudi. Ndiyo sababu gari la otomatiki linaweza kusimama na gia ikiwa imeingia bila injini kuzima. Feni ya kwanza inazunguka, ya pili imeshikwa na breki.

Sasa turbo. Gari likiwa limesimama moshi ni haba, na feni ya turbo inazunguka kivivu tu. Wengi hudhani dawa ni kuiweka gia huru na kuikanyaga injini ipige kelele. La hasha! Injini isiyobeba mzigo huhitaji hewa na mafuta kidogo sana hata ikizunguka kwa kasi, kwa hiyo moshi wake hauna nguvu ya kutosha. Turbo inataka injini ifanye kazi. Hapo ndipo torki konvata inapofaa: weka gia, shika breki kwa mguu wa kushoto, ongeza mafuta kwa wa kulia. Injini itapanda hadi mzunguko fulani, kisha itagoma kupanda zaidi, kwa kuwa inasukuma mafuta yasiyo na pa kwenda. Ule ndio mzigo. Moshi unakuwa mwingi na wa moto, turbo inaamka, na breki ikiachiwa gari linaruka.

Waliolipatia sifa jambo hili ni Buick wa Marekani. Oldsmobile walitangulia kutia turbo kwenye gari la Jetfire mwaka 1962, lakini lilihitaji kutiwa maji yaliyochanganywa na methanoli, na wenyewe wakasahau kuyajaza. Buick walianza kuuza V6 yao ya turbo, lita 3.8, mwaka 1978, baada ya jaribio ambalo vijana wa skauti walishiriki wakisaidiwa na wahandisi wa kiwanda. (Walimu wa fizikia, mnasikia?) Kilele kilikuwa mwaka 1987: Grand National nyeusi, nguvu za farasi 245, na GNX 547 tu, nguvu za farasi 276. Yote yalikuwa otomatiki, na mbinu ya miguu miwili ndiyo iliyowatesa wenye magari ya V8.

Kulikuwa na mtego. Breki za kawaida husaidiwa na mvuto wa hewa wa injini, lakini turbo ikianza kusindilia hewa, mvuto ule hutoweka, nawe ndipo unapoihitaji breki kuliko wakati wowote! Buick wakaweka pampu ya umeme ya kusaidia breki.

Mtego wa pili ndio ulionipata mimi. Nguvu zisizosogeza gari haziendi mbinguni. Tuseme injini inatoa nguvu za farasi 50 gari likiwa limeshikwa: hizo ni kilowati 37, sawa na pasi za umeme 37 zilizozamishwa ndani ya mafuta ya gia boksi. Sekunde mbili tatu yatavumilia. Mimi nililishikilia gari la watu kwa muda mrefu nikiwaonyesha vijana wa mtaani, nikarudia mara nne, na mafuta yakatoka meusi yananuka kama mkate ulioungua. Shemeji hakunigombeza. Alinyamaza miezi miwili, nami nikalipa.

Celica za turbo zilizoshinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986 hazikuwa na shida hii, maana zilikuwa na klachi na dereva aliikoroga gia mwenyewe. Siku hizi magari mengi ya kasi yana kompyuta inayopima kila kitu, ikashika injini kwa kipimo na kukataa mafuta yakipata moto. Gari la shemeji halikuwa nayo.

Kijana wangu wa kidato cha tatu, sasa umelipata jibu lote. Funguo za baba ziache zilipo.