Vigunduzi vya zenoni na utafutaji wa maada giza

Vigunduzi vya zenoni ni mitambo inayojengwa chini ya ardhi ili kunasa chembe za maada giza, yaani maada isiyotoa wala kufyonza nuru, ambayo hujulikana kwa uvutano wake juu ya nyota na galaksi, na ambayo hukadiriwa kuwa takriban asilimia 85 ya maada yote ulimwenguni. Fritz Zwicky aliitambua dalili yake mwaka 1933 alipochunguza kundi la galaksi la Coma, na vipimo vya Vera Rubin vya miaka ya 1970 kuhusu mzunguko wa galaksi vikaipa hoja hiyo uzito. Chembe yenyewe haijapata kunaswa.

Mtambo wa LUX-ZEPLIN, ulioko kina cha meta 1,480 hivi katika uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Homestake, jimboni South Dakota, Marekani, hutumia tani 10 za zenoni, gesi adimu iliyopozwa hadi ikawa kimiminika. Chembe ikigonga kiini cha atomu ya zenoni, hutokea mmweko hafifu, na elektroni chache zinazong'oka huvutwa na uga wa umeme hadi kwenye tabaka la gesi lililo juu, ambako hutoa mmweko wa pili. Muda unaopita kati ya mimweko hiyo huonyesha kina cha mgongano, na uwiano wa mwanga wake husaidia kubainisha kama kilichogongwa ni kiini au ni elektroni tu.

Kazi kubwa zaidi, na pengine ndiyo inayostahili sifa kuu, ni kuondoa kila kinachoweza kuigiza ishara hiyo. Mwamba hupunguza miali ya kosmiki, tangi la maji huzuia nutroni na miali ya gama, na vipuri hupimwa unururifu wake kabla ya kufungwa; hata zenoni huchujwa kriptoni, kisha migongano ya kingoni hutupwa ikabaki ile ya katikati. Utulivu huo ndio uliowezesha mtambo wa XENON1T nchini Italia, mwaka 2019, kupima uozo wa zenoni-124, ambao nusu-maisha yake huzidi umri wa ulimwengu zaidi ya mara trilioni moja.

Matokeo ya LUX-ZEPLIN ya mwaka 2022 na 2024 hayakuonyesha chembe yoyote ya maada giza, jambo ambalo si hasara, kwa kuwa kila kipimo cha namna hiyo hufuta nadharia zilizotabiri migongano mingi zaidi. Kikwazo kipya kinatoka kwenye Jua: mwaka 2024 mitambo ya XENONnT, Italia, na PandaX-4T, China, ilitangaza dalili za kwanza za nutrino za Jua zikigonga viini vya zenoni, na kwa kuwa nutrino hupenya mwamba wowote, vigunduzi vikubwa zaidi vitalazimika kuitafuta maada giza katikati ya migongano ya nutrino hizo.