OutRun: Mchezo wa Gari Uliothamini Safari Kuliko Ushindi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mchezo wa gari kwenye mashine za video ulikuwa ni kushindana. Pole Position wa kampuni ya Namco, uliotoka mwaka 1982, ulimpeleka mchezaji kwenye uwanja wa mbio wa Fuji, Japani, afuzu kwanza kisha apambane na magari mengine. Mwaka 1986 Sega, kampuni nyingine ya Japani, ikaja na OutRun, mchezo usio na mshindi wa kwanza wala wa pili. Mchezaji alipewa barabara ndefu, bahari pembeni, muziki, na Ferrari Testarossa nyekundu isiyo na paa.

Mbunifu wake alikuwa Yu Suzuki, ambaye mwaka mmoja kabla alishajijengea jina kwa Hang-On, mchezo wa pikipiki. Wazo la OutRun alilipata kwenye filamu ya The Cannonball Run, inayohusu mbio za magari za kuvuka Marekani. Lakini aliona mandhari ya Marekani hayabadiliki upesi vya kutosha, akageukia Ulaya. Tembea uone, wasemavyo wahenga: Suzuki alitua Frankfurt, akakodi gari, akazunguka takriban wiki mbili akipita milima ya Uswisi, pwani ya kusini mwa Ufaransa na miji ya Italia. Testarossa yenyewe aliiona Monaco. Aliporejea Japani, yeye na wenzake wakamtafuta mwenye gari kama hilo, wakalipiga picha kwa kulizunguka nyuzi tano baada ya tano, na wakarekodi mngurumo wa injini yake.

Kompyuta za wakati huo hazikuwa na nguvu ya kuchora dunia ya pande tatu kwa kasi iliyotakiwa. Mafundi wa Sega wakatumia ujanja: kila mnazi, jiwe na bango ni picha bapa, na mashine huikuza haraka kadiri gari linavyoikaribia. Ndani, prosesa mbili za Motorola 68000 ziligawana kazi. Mnazi ulioonekana kama nukta huko mbele ulipita ubavuni kufumba na kufumbua, na kasi ikafika kilomita 293 kwa saa. Mashine ya kifahari zaidi iliundwa kama gari: mchezaji aliketi, akashika usukani, akabadili gia mbili tu, na mota zikaliyumbisha gari zima kila alipokata kona.

Hata hivyo, teknolojia peke yake haielezi kwa nini OutRun ulipendwa. Siri yake ni hiari. Kabla ya kuondoka, mchezaji anazungusha kitufe cha redio na kuchagua mmoja kati ya nyimbo tatu za Hiroshi Kawaguchi. Mwisho wa hatua, barabara inagawanyika: kushoto kwepesi, kulia kugumu. Hatua zote ni 15, lakini safari moja inapita tano tu, na mchezo una vituo vitano tofauti vya kumalizia. Adui mkuu ni saa. Ukigonga vibaya, gari linapinduka, dereva na mwenzake wanarushwa nje, kisha wanapanda tena na kuendelea huku sekunde zikiyoyoma.

Sega ilitoa mchezo wa kwanza bila kibali cha Ferrari. Kibali kilipatikana kwa OutRun 2 wa mwaka 2003. Mwaka 2019 mchezo wa awali uliwafikia wachezaji wa Nintendo Switch nje ya Japani, kwa hiyo kijana wa leo anaweza kuucheza bila kutafuta mashine kuukuu.

Naye aucheze. Michezo mingi ya sasa ina magari yanayokaribia uhalisia kabisa, lakini ni michache inayompa dereva raha ya kwenda tu. OutRun ulifanya hivyo mwaka 1986 kwa picha bapa na nyimbo tatu, na kwa hilo unastahili kuhesabiwa miongoni mwa michezo bora ya video iliyowahi kutengenezwa.