Siyu: Kijiji Kilichoandika Vitabu Kabla Nairobi Haijazaliwa

Nikiwa darasa la sita niliandika insha ya safari, nikasema "tulifuata ndia ndogo mpaka baharini". Mwalimu akazungushia neno "ndia" wino mwekundu, akaandika pembeni: njia. Halafu akaisoma hiyo sentensi mbele ya wenzangu na darasa zima likacheka. Muhula wote jina langu likawa Ndia.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Pumwani. Hilo neno sikulitoa kichwani, nililitoa kwa nyanya yangu. Kwake njia ni ndia, maji ni mai, moja ni moya na mchanga ni mtanga. Nyumbani tulikuwa tunamuiga, naye anacheka na sisi. Lakini siku ile ya insha nilirudi na hasira, nikamwambia kuanzia leo aongee na mimi Kiswahili cha shule. Nilikuwa na miaka 12. Hakunigombeza. Alianza tu kuongea na mimi polepole, akichagua maneno, vile mtu huongea na afisa wa serikali.

Hiyo kitu imenikaa. Kwa hivyo leo si habari za mpira wala siasa ya kaunti. Leo nawapeleka Siyu, mahali nyanya alizaliwa, nikiwaonyesha kwamba aliyekosea siku ile hakuwa yeye.

Siyu ni kijiji kidogo kwenye kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu. Ukitoka mji wa Lamu unapanda boti, unapita mkondo wa Mkanda nyuma ya kisiwa cha Manda, na boti haiendi ukitaka wewe, inaenda maji yakitaka. Unashukia gati la Mtangawanda. Sikia hilo jina. Mtanga. Nilicheka peke yangu mpaka nahodha akanitazama mara mbili. Hapo unachukua bodaboda, unapita Pate mjini, unaingia katikati ya minazi mpaka Siyu.

Ukifika, usitarajie maajabu. Kuna nyumba za mawe ya matumbawe, zingine za udongo na makuti. Punda wamebeba mizigo kwenye vichochoro. Wanaume wengine wametoka kuvua, wengine wako shambani. Kando ya kijiji kuna mkono wa bahari wenye mikoko pande zote, na maji yakitoka unabaki tope tupu, mashua zimelala ubavu. Mbele ya hiyo mikoko kuna ngome ya mawe. Kama wewe ni wa Nairobi, utasema kile hata mimi nilisema dakika tano za kwanza: hii ni ushago tu.

Sawa. Sasa tuongee hesabu.

Nairobi ilianza mwaka 1899, reli ilipofika kwenye tambarare yenye kinamasi. Kabla ya hapo hakukuwa na mji. Karibu na Siyu, upande wa bahari kuu, kuna magofu yanaitwa Shanga. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale. Chini ya msikiti mkuu wa mawe alikuta alama za nguzo za misikiti midogo ya miti, mmoja umejengwa juu ya mwingine, na wa zamani kabisa ni wa karne ya 8. Yaani zaidi ya miaka 1,000 kabla mtu hajapigilia msumari wa reli Nairobi, watu walikuwa hapo wanaswali, wanavua na kufanya biashara. Baadaye wakatengeneza hata sarafu zao za fedha, ndogo kama ukucha. Shanga ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Siyu ikabaki, na mpaka leo kuna ukoo Siyu unaojiita Washanga.

Mwaka 1606 padri Mreno, Gaspar de São Bernardino, alipita kisiwa hiki na kukiandika. Watu wengi wanaanzia hapo wakisimulia Siyu, kana kwamba kijiji kilianza siku Mreno alipokiona. Mimi naona kitu cha maana zaidi ni kile watu wa Siyu wenyewe walikuwa wanafanya na mikono yao.

Katika karne ya 18 na 19 Siyu ilijulikana pwani nzima kwa mafundi. Walikuwa wanashona viatu na mikanda ya ngozi, wanachonga mbao, wanafua fedha na kufuma nguo. Na walikuwa wanaandika vitabu. Hapa nataka usikie vizuri. Kabla ya mashine za kuchapa kufika, mtu akitaka Kurani ilibidi mtu mwingine akae ainakili kwa mkono, herufi kwa herufi. Siyu ilikuwa mahali pa kazi hiyo. Zimebaki nakala kadhaa za Kurani za Siyu, nyingi za kati ya miaka ya 1750 na 1850, zimeandikwa kwenye karatasi iliyotoka Ulaya na kurembwa kingo zake kwa rangi. Kwa hivyo wakati huo kulikuwa na mtoto pale kijijini akijifunza kuchonga kalamu ya mwanzi na kuchanganya wino, vile vijana wa Kamukunji leo wanajifunza kukunja mabati. Ilikuwa jua kali yao. Ilikuwa inalisha familia.

Siasa nayo haikukosa. Sultani Seyyid Said wa Oman na Zanzibar alikuwa amechukua karibu miji yote mikubwa ya pwani. Mombasa iliangukia kwake mwaka 1837. Siyu ikakataa. Kiongozi wake alikuwa Bwana Mataka, na miaka ya 1840 jeshi la sultani lilikuja na kamanda wake, Amir Hamad, likapigwa vibaya na kamanda mwenyewe akauawa. Fikiria hiyo picha: sultani ana meli na mizinga, na kijiji cha mafundi wa ngozi na waandishi wa vitabu kinamrudisha. Siyu ilikuja kunyamazishwa mwaka 1863, Sultani Majid akitawala Zanzibar.

Ile ngome ina masimulizi mawili. Wengine wanasema ilijengwa na Bwana Mataka ajikinge na sultani. Wengine wanasema sultani ndiye aliijenga. Nimeona watu wakibishana kana kwamba ni Gor na Ingwe. Mimi sibishani, lakini nilipokaa kwenye kivuli cha ule ukuta nilijiuliza kitu kimoja: kwa nini hadithi ya pili inatuingia akilini haraka hivyo? Tukiona ukuta mkubwa Afrika, swali letu la kwanza huwa ni nani alikuja kuujenga.

Ndiyo maana ile hadithi ya Wachina inapendwa sana. Umeisikia: meli ya Zheng He ilizama karibu na Pate miaka 600 iliyopita, mabaharia wakaogelea, wakaoa, na Shanga ni Shanghai. Mwaka 2005 msichana mmoja wa upande huo alipata ufadhili akasome China kwa sababu ya hiyo hadithi, na kwa hilo namfurahia kabisa. Biashara na China ilikuwepo, hakuna ubishi. Vigae vya Kichina vimejaa magofu ya pwani, na mwaka 2013 watafiti walikuta kisiwani Manda sarafu ya mfalme Yongle, yule aliyemtuma Zheng He. Lakini ile meli wameitafuta na hawajaipata, na jina kufanana si ushahidi. Hata hivyo ukiuliza Nairobi kuhusu Pate, watu watakutajia Wachina. Wale waliokaa pale miaka elfu wanakuwa watu wa nyuma kwenye hadithi yao wenyewe.

Na sasa nifike kwa yule ambaye karibu kila mtu aliyesoma ushairi shuleni amemsikia, lakini hajui alikuwa nani. Mwana Kupona binti Msham. Alizaliwa Pate, na alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu. Ndiyo, yule yule aliyemrudisha sultani. Mataka alifariki mwaka 1856, na mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wosia. Utendi huo umesomwa, umetafsiriwa na umejadiliwa duniani kote. Kuna mashauri yake ya ndoa ambayo dada zangu wakisoma wanarusha kitabu, na wana haki yao. Lakini ona kilichotokea: mama mgonjwa, mjane wa vita, alichukua kalamu. Na lugha aliyoandikia ni ya huko. Ni lugha ya kina ndia na mai.

Mwalimu wangu angemzungushia wino mwekundu.

Kwa nini? Kwa sababu mwaka 1928 wakoloni walikutana Mombasa kuamua Kiswahili cha vitabu vya shule kiwe kipi, wakachagua Kiunguja, kile cha Zanzibar. Mwaka 1930 kamati ikaundwa kukisanifisha. Sisemi ilikuwa dhambi. Bila lugha moja ya vitabu, mimi na wewe wa Kisumu ama Dodoma tungepata shida kusomana. Lakini kuchagua moja ni kitu kimoja, na kuambia watoto kwamba zile zingine ni makosa ni kitu kingine. Kaskazini ya pwani walikuwa wanatunga na kuandika Kiswahili karne nyingi kabla ya hiyo kamati. "Ndia" si "njia" iliyoharibika. Ni neno zima lenye nyumba yake.

Wacha pia niseme ukweli usiopendeza, kwa sababu historia ya kujisifu tu ni tangazo. Utajiri wa miji hii ya karne ya 19 haukutoka kwa kalamu na ngozi pekee. Kulikuwa na mashamba, na mashambani kulikuwa na watumwa. Utumwa ulikomeshwa kisheria Kenya mwaka 1907. Kuna watu waliolima ili wengine wapate wakati wa kurembesha kingo za kitabu, na majina yao hakuna aliyeyaandika. Ukienda Siyu ukisifu mafundi, wakumbuke na hao.

Sasa, Siyu iliporomoka vipi? Vita na Zanzibar viliichosha. Mashamba yakafa. Lakini ukiniuliza mimi, kuna pigo ambalo sisi wa Nairobi tunapaswa kulijua kuliko wote. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa. Biashara ikafuata reli, pesa zikafuata biashara, na bandari za Lamu zikabaki pembeni. Reli iliyozaa Nairobi ndiyo ilisaidia kuifanya Siyu kuwa "mashambani". Hatukuwakuta wakiwa nyuma. Tulipanda, wao wakashuka, na chuma ni kile kile.

Watu nao wakafuata pesa. Nairobi ya mwanzo ilikuwa na vijiji vya Waafrika vyenye majina ya pwani, kama Pangani na Mombasa. Serikali ya kikoloni ikavibomoa kimoja kimoja, na miaka ya 1920 ikawapanga watu Pumwani. Zile nyumba za zamani za Majengo zina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Huo ni mpango wa nyumba ya Kiswahili. Mimi nimekulia ndani ya ramani ya pwani bila kujua, na nilikuwa namcheka mtu pekee nyumbani aliyeijua kwa ulimi.

Siyu nilikaa siku tatu. Siku ya pili mzee mmoja fundi wa ngozi aliniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia jina la baba yake nyanya. Akanyamaza, halafu akanionyesha kwa mkono na kusema, "Shika ndia hiyo, nyumba yao ilikuwa mwisho." Nilishika ndia hiyo. Mwisho wake kulikuwa na ukuta mmoja wa matumbawe na mpapai umeota ndani.

Nilimrekodi nyanya nilivyomuonyesha video ya ule ukuta. Hakulia wala nini. Alisema mpapai haukuwepo. Halafu akaanza kunitajia majirani, nyumba kwa nyumba, kuanzia msikitini hadi kwenye maji. Dakika 40. Na hakuchagua maneno.

Simu unayosomea hii ina kinasa sauti. Kama una mtu nyumbani anayeongea "vibaya", kiwe Kipate, Kibajuni, Kivumba ama Kingwana cha Kongo, mwombe leo akutajie majirani wake wa utotoni. Usimsahihishe.

Na mwalimu wangu, kama unasoma: ile alama moja uliyonikata, naidai.