Durban na Bendera za Wenyewe

Tarehe 27 Agosti 1824, kando ya ghuba ambayo leo ni bandari ya Durban, mfanyabiashara Mwingereza Francis Farewell alipandisha bendera ya Uingereza na kupiga mizinga ya heshima. Alikuwa na hati ya tarehe 7 mwezi huohuo ambayo kwayo, kwa maelezo yake, Mfalme Shaka wa Wazulu alikuwa amempa ardhi yote ya kuizunguka ghuba ile. Serikali ya Uingereza haikuwa imemtuma, wala haikuitambua hatua yake. Kwa Shaka, Farewell na wenzake walikuwa wageni wafanyao biashara ya pembe za ndovu kwa hisani yake. Kwao wenyewe, walikuwa wameanzisha koloni.

Ukiifuata historia ya Durban kwa bendera zake, utaona mji uliojivunia bendera za wenyewe kuliko alama zake. Alama zake ulikuwa nazo. Ulipopewa hadhi ya manispaa mwaka 1854, meya wake wa kwanza akiwa George Cato, ulijipatia baadaye nembo na kaulimbiu ya Kilatini yenye maana kwamba mwanzo dhaifu hufuatwa na bahati njema. Lakini hakuna aliyeingia barabarani kuitetea nembo ile. Watu waliingia barabarani kwa ajili ya Union Jack, bendera ya Uingereza.

Kwa muda mfupi ilishuka. Desemba 1839 kikosi cha Waingereza kiliondoka, nao Makaburu wakapandisha bendera ya jamhuri yao ya Natalia. Waingereza wakarudi, na Mei 1842 pande hizo mbili zilipigana Congella, kando ya ghuba. Makaburu wakashinda siku ile na kuizingira kambi ya Waingereza hadi manowari Southampton ilipofika Juni. Tangu hapo bendera ya Uingereza ilibaki mlingotini kwa zaidi ya karne moja.

Fahari ya mji wa kikoloni ilijengwa kwa mawe. Jumba la Jiji lililofunguliwa mwaka 1910, kazi ya msanifu Stanley Hudson, liliiga jumba la jiji la Belfast, na hata leo mtu wa Belfast akishushwa pale usiku anaweza kudhani yuko kwao. Ndani yake mna maktaba, jumba la sanaa na makumbusho yenye mifupa ya ndege dodo. Wakati huohuo, kwa sheria ya mwaka 1908, manispaa ilijimilikisha peke yake biashara ya kuwauzia Waafrika pombe ya mtama, na faida yake ikagharimia mabweni yao na polisi wa kuwasimamia. Miji mingine iliuiga mpango huo, ukajulikana kama Mfumo wa Durban. Mwaka 1929 wafanyakazi, chini ya A. W. G. Champion wa chama cha wafanyakazi cha ICU, waliisusia pombe hiyo. Sijui fahari gani ya mji inayolipiwa na bilauri za watu wasio na kura.

Kisha ukaja ugomvi mkubwa wa bendera. Mwaka 1926 waziri D. F. Malan alipopeleka bungeni muswada wa bendera mpya ya Muungano wa Afrika Kusini, jimbo la Natal, lenye mji wa Durban, liliwaka. Wazungu wa Durban waliona wanavuliwa nguo hadharani. Yakasikika hata maneno ya kujitenga. Mapatano ya mwaka 1927 yalizaa bendera ya rangi ya chungwa, nyeupe na buluu yenye bendera tatu ndogo katikati, mojawapo ya Uingereza, na Union Jack ikaruhusiwa kupepea kando yake mahali maalumu, bandarini ikiwemo. Bendera hiyo ilipanda Mei 31, 1928. Mwaka 1957 serikali iliiondolea Union Jack hadhi hiyo, na katika kura ya maoni ya Oktoba 5, 1960, iliyopigwa na wazungu tu, zaidi ya robo tatu ya wapigakura wa Natal waliikataa jamhuri. Hawakufua dafu.

Katika mabishano yote hayo, wakazi walio wengi hawakuulizwa neno. Wahindi, ambao wa kwanza walishuka bandarini hapo kwa meli Truro mwaka 1860, waligawanyika Mfalme George VI alipozuru Machi 1947: chama cha Natal Indian Congress kiliwataka watu waisusie ziara, na bado umati mkubwa ulifurika uwanja wa Currie's Fountain kumlaki.

Kisa kinachotugusa zaidi sisi wa pwani ni cha watu walioitwa amaZanzibari. Agosti 1873, miezi miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, manowari Briton iliwashusha Durban watu 113 waliookolewa majahazini. Hadi mwaka 1880 walikuwa wamefika zaidi ya 500. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Unguja ilikuwa njia tu. Uhuru wao ulianza kwa mkataba wa kazi. Waislamu miongoni mwao waliweka makazi King's Rest, kwenye kilima cha Bluff, katika ardhi iliyoshikiliwa na wadhamini wa msikiti, wakaendelea kusema Kimakua na Kiswahili kidogo. Serikali ya ubaguzi iliposhika kalamu, ikachanganyikiwa: Waafrika hawa waingie fungu gani? Mwaka 1961 wakaandikwa "Waasia wengine", kisha wakahamishiwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Walinyang'anywa Bluff, ila jina la Zanzibar liliwaepusha na kasha la "Mbantu" na pasi zake. Hawakuwa na bendera, lakini jina hilo liliwakinga kuliko bendera yoyote niliyoitaja.

Bendera ya sasa, iliyochorwa na Frederick Brownell na kukubaliwa Machi 15, 1994, ilipanda rasmi Aprili 27. Siku hiyo Nelson Mandela alipiga kura yake Ohlange, Inanda, nje kidogo ya Durban, katika shule iliyoanzishwa na John Dube. Safari hii hapakuwa na ugomvi mkubwa wa kitambaa. Ugomvi ulihamia kwenye vibao. Manispaa ya eThekwini, iliyoundwa mwaka 2000, ilibadilisha majina ya barabara zaidi ya mia moja: West Street ikawa Dr Pixley kaSeme, Smith Street ikawa Anton Lembede, Grey Street ikawa Dr Yusuf Dadoo. Wapinzani waliandamana, wakaenda mahakamani, na vibao vipya vingine vikamwagiwa rangi usiku.