Jina Lisiloandikwa: Filamu ya Roman Holiday (1953) kama Chanzo cha Historia

Katika semina yetu ya Vita Baridi kila mwanafunzi alitakiwa kuleta chanzo kimoja cha miaka ya 1950 na kukieleza. Wenzangu walileta hotuba, mikataba na ramani za kambi za kijeshi. Mimi nilileta filamu ya mapenzi, tena ya kuchekesha, na darasa likaangua kicheko kabla hata sijaiwasha. Mhadhiri hakucheka. Aliuliza swali moja tu: hiki ni chanzo cha nini? Siku ile nilijibu ovyo. Insha hii ni jibu langu la pili.

Kwa wasioijua, kisa chenyewe ni chepesi. Binti mfalme Ann, wa nchi ambayo haitajwi jina, yuko katika ziara rasmi ya miji mikuu ya Ulaya. Amefika Roma akiwa amechoka. Kwenye dhifa anawasalimu wageni mmoja baada ya mwingine huku chini ya gauni refu amevua kiatu kimoja kwa maumivu ya miguu, na kiatu kinamponyoka. Usiku analetewa maziwa na biskuti kama mtoto na kusomewa ratiba ya kesho, dakika kwa dakika. Anapandwa na hasira, anapiga kelele, daktari anamchoma sindano ya usingizi. Kabla dawa haijamlevya anatoroka ndani ya gari la mizigo. Mwanahabari wa Kimarekani, Joe Bradley, anamkuta amelala barabarani, anadhani ni msichana aliyelewa, anampeleka chumbani kwake shingo upande. Asubuhi, baada ya kuona picha gazetini, ndipo anapong'amua ni nani aliyelala kwake.

Hapo ndipo ucheshi unapoanza kuwa na meno. Ann anajiita Anya Smith, mwanafunzi mtoro. Joe anajidai mfanyabiashara wa mbolea na kemikali, kumbe amekwisha kuahidiwa dola 5,000 na mhariri wake kwa habari za siri za binti mfalme. Rafiki yake Irving anapiga picha kwa kamera iliyofichwa ndani ya kiberiti cha sigara. Kila mmoja anamdanganya mwenzake, na mtazamaji ndiye pekee anayejua yote. Wanazunguka mji kwa Vespa, msichana ananyolewa nywele na kinyozi, anakula aiskrimu kwenye ngazi kama watu wengine. Jioni anarudi ubalozini kwa miguu yake mwenyewe. Balozi anapomkumbusha wajibu wake, anamjibu kwamba bila kuujua wajibu huo asingerudi kabisa. Kisha analetewa yale maziwa na biskuti, anayakataa. Kwangu mimi tukio hilo dogo ndilo kilele cha filamu kuliko busu lolote: aliyetoroka alikuwa mtoto, na aliyerudi ni mtu mzima ambaye hakutaka kuwa mtu mzima.

Sisi tunaosoma upande huu wa Afrika Mashariki hatuwezi kumtazama binti mfalme aliye safarini bila kukumbuka Nyeri na Entebbe. Mwezi Februari 1952 Elizabeth, akiwa na umri wa miaka 25, alilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, na usiku huo baba yake akafariki Sandringham. Alipewa habari akiwa Sagana, na siku hiyohiyo akasafirishwa kupitia Entebbe kurudi Uingereza akiwa malkia. Miezi michache baadaye kamera za William Wyler zilianza kazi Roma. Filamu ilipotoka Agosti 1953, magazeti yalikuwa yamejaa habari za mdogo wake, Margaret, na afisa Peter Townsend ambaye hakuruhusiwa kumwoa. Ni rahisi mno kusema filamu ilichota kisa kutoka jumba la kifalme la Uingereza, na katika rasimu yangu ya kwanza niliandika hivyo. Nilikosea. Kisa kilikuwa kimeandikwa miaka kadhaa kabla. Mwongozaji Frank Capra alikuwa ameshakinunua na kukiacha. Tunachoweza kusema ni kwamba watazamaji wa 1953 walikuwa na sababu ya kukipokea kwa namna yao. Kupokewa kwa kazi na kutungwa kwake ni mambo mawili, na sisi wanafunzi wa historia tunayachanganya mara nyingi. (Hilo neno "sisi" nimeliweka ili nisionekane niko peke yangu.)

Swali la pili ni kwa nini Roma. Jibu la kimapenzi ni uzuri wa mji. Jibu la kihistoria ni fedha. Baada ya vita kampuni za filamu za Marekani zilikuwa zikipata mapato makubwa katika kumbi za Italia, lakini serikali ya Italia ilizuia sehemu kubwa ya lira hizo zisitoke nchini. Njia ya kuzitumia ilikuwa kuzitumia hukohuko: kukodi studio, kulipa mafundi, kulisha waigizaji. Cinecittà, studio iliyofunguliwa na Mussolini mwaka 1937 na ambayo baada ya vita iligeuzwa kambi ya wakimbizi, ikapata kazi tena. Quo Vadis ilikuwa imetangulia mwaka 1951. Roman Holiday ikafuata, na mwanzoni mwake watengenezaji wanajivunia kuandika kwamba yote imepigwa na kurekodiwa Roma. Hata Vespa ile ina historia yake: kiwanda cha Piaggio, kilichokuwa kikitengeneza ndege, kilianza kuiuza mwaka 1946 kwa taifa lililohitaji usafiri wa bei nafuu. Kwa hiyo wapenzi wawili wanaozunguka barabarani wanacheka wamepanda juu ya ujenzi mpya wa Ulaya.

Sasa nije kwenye jina.

Mwanzoni mwa filamu, katika nakala za zamani, tunasoma kwamba kisa ni cha Ian McLellan Hunter. Machi 1954 Hunter alipewa Oscar ya kisa bora. Audrey Hepburn alipata ya mwigizaji bora wa kike, na Edith Head ya mavazi. Sanamu mbili kati ya hizo tatu zilikwenda kwa wenyewe. Ya Hunter ilikwenda kwa mtu ambaye hakukitunga kisa hicho.

Aliyekitunga alikuwa Dalton Trumbo. Mwaka 1947 Kamati ya Bunge la Wawakilishi iliyokuwa ikichunguza kile ilichokiita shughuli zisizo za Kimarekani iliwaita watu wa filamu Washington na kuwauliza kama ni, au waliwahi kuwa, wanachama wa Chama cha Kikomunisti. Watu kumi, Trumbo akiwa mmojawapo, walikataa kujibu. Walishtakiwa kwa kosa la kulidharau Bunge. Wakuu wa studio walikutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, wakatangaza kwamba hawatawaajiri watu hao. Mwaka 1950 Trumbo aliingia gerezani Ashland, Kentucky. Alipotoka hapakuwa na studio iliyoweza kuandika jina lake, akahamia Mexico na familia yake. Njaa haijui siasa: aliendelea kuandika, akauza kazi zake kupitia marafiki au kwa majina ya uongo. Hunter, rafiki yake, alikubali kuazima jina lake kwa kisa cha Roman Holiday na kumpelekea malipo. Si muda mrefu Hunter naye akaingia katika orodha hiyohiyo ya waliokatazwa kazi.

Hebu tuone kilichotokea hapa. Ndani ya filamu, mwenye jina kubwa analificha ili apate siku moja ya uhuru. Nje ya filamu, mwenye jina analificha ili apate mkate. Watazamaji walicheka utambulisho uliofichwa bila kujua kwamba maandishi ya mwanzo waliyoyasoma dakika chache kabla nayo yalikuwa yamefunika mtu. Hili halikuwa jambo la mara moja. Mwaka 1957 Oscar ya kisa bora ilitangazwa kwa Robert Rich wa filamu The Brave One. Robert Rich hakuwako; alikuwa Trumbo tena.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kuisoma filamu yote kama fumbo la kisiasa. Hoja yao ni hii: Joe ana siri ya mtu mikononi, anaahidiwa fedha aitoe, na mwishoni anakataa kuiuza. Aprili 1952 mwongozaji Elia Kazan alikuwa ameitajia Kamati majina ya wenzake wa zamani; filamu ikapigwa majira ya joto ya mwaka uleule. Je, Joe si picha ya mtu aliyekataa kutaja majina?

Naivutia hoja hii, lakini siikubali yote. Kwanza, kisa cha Trumbo kilipitia mikono mingine. Hunter alikifanyia kazi, na John Dighton, Mwingereza, ametajwa pamoja naye kama mwandishi wa muswada. Hatuwezi kuchukua kila sentensi na kuifanya barua ya siri kutoka gerezani. Pili, mwanahabari anayebadilika moyo kwa sababu ya mapenzi ni mhusika wa kawaida wa vichekesho vya Marekani tangu miaka ya 1930. Upande mwingine, Wyler mwenyewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kamati ya wasanii iliyopinga mahojiano ya 1947. Hakuwa mtu aliyelala. Pengine ni salama kusema kwamba katika mazingira yale kila kisa cha kutunza siri kilikuwa na uzito ambao mtunzi hakulazimika kuutia, kwa sababu mtazamaji mwenye masikio alikuja nao mwenyewe ukumbini.

Kuhusu Hepburn nitasema kidogo tu, maana ameandikwa vya kutosha. Alizaliwa Brussels mwaka 1929, akakaa Uholanzi wakati wa uvamizi wa Wajerumani, akaionja njaa ya majira ya baridi ya 1944–45. Utu uzima ulimfikia mapema. Tunapomwona akifurahia aiskrimu kama kwamba ni mara yake ya kwanza, sidhani alihitaji kufundishwa sana. Gregory Peck, nyota mkubwa wakati huo, aliomba jina la binti huyu lipandishwe juu pamoja na lake. Katika filamu hii iliyomnyima mtu mmoja jina, mwingine alipewa lake kabla ya desturi kumruhusu.

Trumbo alifariki mwaka 1976. Mwaka 1960 filamu za Exodus na Spartacus zilikuwa zimeandika jina lake waziwazi, lakini Roman Holiday ilibaki ya Hunter. Mwaka 1993 Akademia ilimkabidhi mjane wake, Cleo, sanamu mpya. Chama cha waandishi kilimrudishia sifa ya kisa na muswada mwaka 2011, miaka 58 baada ya filamu kutoka. Niliposoma tarehe hiyo nilikumbuka kazi ya kikundi ya mwaka wetu wa kwanza ambayo jina langu lilisahauliwa kwenye jalada. Nilidai alama zangu kwa wiki mbili na nikaona ni muda mrefu.

Turudi kwenye tukio la mwisho, maana hapo ndipo ningemwonyesha mhadhiri kama angeniuliza tena. Ukumbi ni wa Palazzo Colonna. Binti mfalme anakutana na waandishi wa habari, na kwa mara ya kwanza anamwona Joe akiwa miongoni mwao, yaani anaijua kazi yake halisi. Itifaki haimruhusu kusema lolote. Kisha anashuka na kupita mstarini akiwapa mikono, na kila mwandishi anataja kwa sauti jina lake na gazeti lake: huyu wa mji huu, yule wa mji ule. Irving anamkabidhi bahasha yenye picha, kama kumbukumbu tu ya Roma, kisha Joe naye anataja lake na shirika lake. Wanashikana mikono kwa sekunde chache, anapita kwa anayefuata. Ukumbi unabaki mtupu, na Joe anatembea kuelekea mlangoni, mikono mfukoni, viatu vikilia juu ya marumaru.