Shule, Jando na Mjomba

Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 inamjua mkosaji mmoja katika ugomvi wa mzazi na shule juu ya mtoto kuandikishwa, naye ni mzazi. Mtoto akitimiza miaka 7 aandikishwe. Mzazi ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Asipofanya hivyo, ni kosa lenye adhabu.

Ukiijua miaka minne iliyotangulia, unaelewa kwa nini iliandikwa hivyo. Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyotarajiwa kufikiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, ipatikane ifikapo Novemba 1977. Madarasa yakajengwa kwa udongo na miti, vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini, na viongozi wa vijiji wakapewa kazi ya kuhesabu watoto nyumba kwa nyumba. Serikali iliyokuwa inakimbia namna hiyo haikuweza kufikiria kwamba siku moja mzazi atasimama mlangoni akiwa na mtoto mkononi, na shule ndiyo iseme hapana.

Nilifika Mkunya mwaka jana kutafuta habari za kukimbia huko kwa ajili ya tasnifu yangu ya shahada ya uzamili. Bibi yangu mzaa mama ametokea pande hizo, kwa hiyo sikukosa pa kulala wala mtu wa kunitambulisha kwa wazee. Mzee mmoja aliniambia baba yake alikuwa akiwaficha watoto shambani wafukuze ngedere, mgambo wakawafuata mpaka huko. Alicheka akisimulia. Kisha akaacha kucheka, akanionyesha mjukuu wa dada yake aliyekuwa anaranda mbao uani, mvulana wa miaka 11, kiziwi tangu alipougua akiwa mdogo.

"Sisi walitulazimisha," akasema. "Huyu wanamfukuza."

Shule yenyewe sitaitaja, na kusema kweli haikumfukuza. Mtoto alikuwa darasa la tatu kwa mwaka wa pili. Mwalimu wake alikuwa na wanafunzi zaidi ya 90 katika chumba kimoja na hajui alama hata moja ya lugha ya alama. Mvulana alinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kuliko wenzake wote, lakini alichokinakili hakukijua. Mwalimu mkuu, mama wa makamo aliyehamishiwa huko kutoka mkoa mwingine, alijaza fomu za kumhamishia shule ya bweni yenye walimu wa viziwi, nje ya wilaya. Baba wa mtoto akasaini siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu akaamini kazi imekwisha.

Hakujua, wala hakuna aliyemwambia, kwamba alikuwa amemwuliza mtu asiyehusika sana. Kwa Wamakonde ukoo hupitia kwa mama. Mtoto ni wa upande wa mama yake, na jambo kubwa juu yake lina mwenyewe: mjomba. Mjomba wa mvulana huyu, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye korosho nzuri na pikipiki mbovu, alikuwa amekataa. Muhula ulipoanza mtoto hakwenda, na barua ikatoka ofisi ya kata ikimtaja baba kuwa anamficha mtoto mwenye ulemavu.

Neno hilo "kumficha" nimelikuta mara nyingi mno katika kazi yangu: kwenye hotuba, kwenye vipindi vya redio, kwenye risala za maadhimisho. Wapo wazazi wanaoficha, sikatai. Lakini neno lenyewe hufunga mazungumzo kabla hayajaanza, kwa sababu mtu anayeficha haulizwi sababu. Mjomba alikuwa nazo tatu. Mtoto akiugua usiku bwenini, nani atamwelewa? Hapa kijijini alama zake za mikono zinajulikana na nyumba kama ishirini, kule atakuwa mgeni mpaka kwenye mikono. Na la tatu, ambalo ndilo lilikuwa la kwanza, alikuwa hajapita jandoni. Akiondoka sasa, akarudi na ndevu bila jando, atakuwa nani kati ya wenzake?

Mwalimu mkuu aliposikia habari ya jando alivuta pumzi ndefu. Namwelewa. Walimu wa Newala na Masasi wamekuwa wakigombana na jando na unyago tangu shule zilipoanza, na kila mwaka kuna watoto wanaopotea darasani kwa wiki kadhaa. Lakini yeye alikuwa amesimama mahali penye historia kuliko alivyodhani. Wamisionari wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, wakafungua shule, na kwa miaka mingi wakalipinga jando kama upagani. Wazazi Wakristo wakaendelea kuwapeleka watoto wao, wengine kwa siri. Aliyegeuza mambo ni Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa Masasi: alikubali jando lifanyike chini ya kanisa, likiwa na sala mahali pa matambiko. Vitabu vingi vinampa yeye sifa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika makala yake ya mwaka 1972, alionyesha kwamba mapadri na walimu Waafrika walikuwa na mkono mkubwa katika mpango ule, na kwamba kwa unyago wa wasichana haukufanikiwa vile. Mimi naiona kwa njia rahisi zaidi. Shule na wazazi waligombania watoto, hakuna upande ulioweza kuushinda mwingine, wakakaa wakapatana juu ya nani atafanya nini na lini.

Kwa mtoto mwenye ulemavu mapatano ya namna hiyo hayakupata nafasi. Elimu maalum nchini ilianza kwa makanisa na kwa mabweni: Buigiri, Dodoma, mwaka 1950 kwa wasioona chini ya Waanglikana, Tabora mwaka 1963 kwa viziwi chini ya Wakatoliki, Irente, Lushoto, kwa wasioona chini ya Walutheri. Zilifanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifanya. Lakini bweni lina desturi yake. Mzazi hufika getini, hukabidhi, hurudi nyumbani. Hata mauaji ya watu wenye ualbino yalipochacha Kanda ya Ziwa miaka ya 2007 hadi 2009, jibu la haraka lilikuwa hilohilo, watoto wakakusanywa Buhangija, Kabanga na Mitindo. Kuokoa maisha kulihitaji haraka. Kuwarudisha kwao ilikuwa kazi nyingine, na haikuwa na haraka ile.

Kwingine wazazi walipata mlango. Marekani, baada ya kesi za Pennsylvania na Washington mwanzoni mwa miaka ya 1970, sheria ya mwaka 1975 ilimpa mzazi haki ya kupinga uamuzi wa shule mbele ya msikilizaji asiye na upande. Uingereza ilianzisha baraza lake la rufaa mwaka 1994. Nimesoma mashauri kadhaa ya huko, nayo yamejaa mawakili na ripoti za wataalamu. Mzazi maskini anapata tabu hata kule. Sitamani kuona kitu hicho Newala. Ninachokitamani ni dhana iliyo chini yake, kwamba mzazi anaweza kukataa akiwa na akili timamu na mapenzi kwa mtoto wake.

Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, imesogea. Kifungu cha 27 kinataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalum. Nilimsomea mjomba kwenye simu yangu. Akasema: basi asome hapa. Nikamsomea mwalimu mkuu. Akasema: umeona, mawasiliano maalum. Wote wawili walikuwa sahihi. Sheria hiyohiyo inataka pia mtoto apewe msaada na mwalimu mwenye sifa, na mwalimu huyo hakuwepo, si kwa kosa la mwalimu mkuu wala la mjomba.

Waliokutanisha pande mbili hawakuwa ofisi yoyote. Ni yule mzee wa ngedere, aliyetuma mtu kwa mwalimu mkuu kumwomba aje kunywa chai. Mwalimu alikuja Jumapili na kanga begani, bila barua. Akamwamkia mzee shikamoo, akauliza hali ya maji, maana uwandani kwetu mazungumzo yoyote huanza na maji. Walizungumza saa tatu. Baba wa mtoto hakusema sana. Mama yake alisema mara moja tu, kwamba yeye anataka mtoto ajue kuandika barua, kwa kuwa hataweza kumpigia simu.

Wakakubaliana mtoto aingie jandoni likizo ya Desemba, kisha Januari aende shule. Mjomba atampeleka mwenyewe na kulala huko siku mbili, awafundishe walezi wa bweni alama za nyumbani: maji, tumbo linauma, naogopa, mama. Mwalimu mkuu atapiga simu kuomba nafasi isubiri. Alikuwa na wasiwasi kama watakubali, na alisema hivyo waziwazi.

Mambo ya jando si yangu kuyasimulia, na mwanamke hata akitaka haambiwi. Nimesikia tu kwamba kulikuwa na mjadala jinsi ya kumfundisha nyimbo mtoto asiyesikia, na kwamba fundi mmoja mzee alisema amfundishe kwa ngoma, mkono wa mtoto ukiwa umelazwa juu ya ngozi.

Nafasi ilisubiri. Mjomba alilala siku nne badala ya mbili. Barua ya kwanza ilifika mwezi wa nne, mistari miwili, na mama yake akaipeleka kwa mwalimu mkuu amsomee.