Kadi Nne na Daftari la Mama

Miaka michache iliyopita nilifanya mtihani wa kazi katika ofisi moja pale Upper Hill. Tulikuwa vijana kama thelathini hivi, kila mmoja na shati lililopigwa pasi usiku wa kuamkia siku hiyo. Tulipewa karatasi ya maswali ya kupima akili, dakika 30, na onyo kwamba atakayeongea na jirani atatolewa nje. Swali la tisa ndilo lililonimaliza.

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Kuna kadi nne mezani. Kila kadi ina herufi upande mmoja na nambari upande wa pili. Unaona upande wa juu peke yake: E, K, 4, 7. Halafu kuna sheria: kama kadi ina irabu upande mmoja, basi ina nambari shufwa upande wa pili. Ni kadi zipi ambazo lazima uzigeuze ili ujue kama sheria hii ni ya kweli au ya uongo?

Hebu jibu kabla hujaendelea. Usikimbilie simu.

Mimi niliandika E na 4 bila hata kufikiria mara mbili. Nikaona hili ni swali la watoto wa darasa la tano. Kazi sikupata. Jamaa mmoja tuliyefanya naye mtihani, ambaye yeye aliitwa, ndiye aliyenieleza baadaye kwamba jibu ni E na 7. Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Alichonieleza ni hiki. E iko wazi: ukiigeuza ukute 5, sheria imekufa. K haituhusu, maana sheria haikusema lolote kuhusu konsonanti. Sasa ile 4 yangu: ukiigeuza ukute A, sawa, ukikuta B, bado sawa, kwa sababu hakuna aliyesema konsonanti haziruhusiwi kukaa na shufwa. Kadi hiyo haiwezi kuivunja sheria hata ikitaka. Lakini 7 inaweza. Ukiigeuza ukute U, mchezo umeisha. Yaani kadi niliyoiruka ndiyo iliyokuwa na ushahidi, na ile niliyoishika haikuwa na neno.

Nilirudi nyumbani nikijiona zuzu. Na kwa kuwa mtu aliyeaibika hupenda kujua aliyemwaibisha, nikaanza kutafuta kadi hizi zilitoka wapi.

Zilitoka kwa Mwingereza aitwaye Peter Wason, mwanasaikolojia wa University College London, aliyezaliwa 1924 na kufariki 2003. Wason alivutiwa na hoja ya mwanafalsafa Karl Popper: kwamba kazi ya sayansi ni kujaribu kuliangusha wazo kwa nguvu zote, kisha kuona kama litabaki limesimama. Kukusanya mifano inayoliunga mkono ni rahisi mno. Wason akajiuliza kama watu wa kawaida hufikiri hivyo. Mwaka 1960 alichapisha jaribio ambamo watu walipewa nambari 2, 4, 6 na kuambiwa watafute kanuni iliyozipanga, kwa kumtajia nambari nyingine tatu tatu za kujaribia. Kanuni yenyewe ilikuwa rahisi kupindukia: nambari tatu zozote zinazopanda. Lakini wengi walikwama kwenye kanuni waliyoibuni wenyewe, wakataja 8, 10, 12, wakaambiwa ndiyo, wakafurahi. Wachache ndio waliojaribu mfano ambao ungewaumbua.

Mwaka 1966 akatoa kadi zake nne. Mwaka 1970, yeye na mwanafunzi wake wa zamani Philip Johnson-Laird walijumlisha matokeo ya majaribio kadhaa. Kati ya watu 128, waliochagua jibu sahihi walikuwa 5. Watano! Wengine 59 walifanya kama mimi, wakachukua irabu na shufwa. Na hawa walikuwa watu wa chuo kikuu, wala si watu waliookotwa stejini.

Nilipoona takwimu hizo nilipumua kidogo. Lakini pia nilikasirika. Kama karibu kila mtu anafeli, basi mtihani huu unapima nini hasa?

Wason mwenyewe hakukaa mbali na swali hilo. Mwaka 1971, yeye na Diana Shapiro waliondoa herufi na nambari wakaweka safari: kila nikienda Manchester, naenda kwa gari. Kadi zikawa miji na vyombo vya usafiri. Kati ya watu 16 waliopewa safari, 10 walipata. Kati ya 16 waliopewa alama tupu, walipata 2. Mantiki ilikuwa ile ile, na kadi zilikuwa nne vile vile.

Kisha mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox, kule Florida, wakawaambia wanafunzi: jifanye wewe ni polisi. Sheria ni kwamba anayekunywa bia lazima awe amepita miaka 19. Kuna mtu anakunywa bia, mwingine anakunywa soda, mwingine ana miaka 22, na mwingine ana 16. Utamkagua nani? Kwani hapo kuna swali? Unakagua mwenye bia, na unachungulia glasi ya mtoto wa miaka 16. Wanafunzi 29 kati ya 40 walipata. Kwenye kadi za herufi na nambari, kati ya 40 hakupata hata mmoja.

Ile 7 iliyonifukuza Upper Hill ilikuwa ndiyo huyo mtoto wa miaka 16. Ningemwona mara moja. Nani asiyemjua?

Kwa nini basi? Hapo wasomi waligawanyika, na ugomvi wao haujaisha. Leda Cosmides, Mmarekani, alisema mwaka 1989 kwamba akili ya binadamu ilikua katika kupeana na kudaiana, hivyo ina jicho maalum la kumnasa mdanganyifu. Alitunga kabila na sheria yake: mwanamume akila muhogo, lazima awe na chale usoni. Wanafunzi wa Marekani ambao hawakuwahi kusikia sheria kama hiyo walimtafuta bila shida yule anayekula muhogo bila haki. Tena alipoigeuza sheria kichwa chini, watu waliendelea kumtafuta mdanganyifu hata pale ambapo mantiki ya darasani ilitaka kadi nyingine. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha matokeo kutoka kwa Washiwiar wa msitu wa Amazon nchini Ecuador. Katika kumnasa mdanganyifu, hawakuachwa nyuma na wanafunzi wa Harvard.

Wengine hawakukubali. Patricia Cheng na Keith Holyoak walikuwa wamesema tayari, mwaka 1985, kwamba tunajifunza maishani umbo la ruhusa: ukitaka hiki, timiza kile. Na kuna hoja nyingine ambayo mimi naiona ina uzito. Kwenye baa, sheria ipo tayari na wanaokaguliwa ni watu. Kwenye kadi za Wason, sheria yenyewe ndiyo iliyo kizimbani. Hizo ni kazi mbili tofauti, hata kama kadi za kugeuza zinafanana.

Kuna sehemu ya historia hii iliyonigusa zaidi, na ni ya kabla ya Wason. Mwaka 1931 na 1932, mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria alikwenda Uzbekistan, wakati wakulima walipokuwa wakiingizwa kwenye mashamba ya pamoja na madarasa ya kusoma na kuandika. Aliwauliza wasiosoma: Kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Novaya Zemlya iko Kaskazini ya mbali. Dubu wa huko wana rangi gani? Wengi walikataa kujibu. Mimi sijafika huko, walisema, muulize aliyewaona. Luria aliona hapo fikra ambayo bado haijavuka kutoka kwenye mambo ya kuonekana. Matokeo hayo yalimletea lawama kwao kwamba anawadharau watu wa mataifa madogo, na kitabu chake kikakaa mpaka 1974.

Michael Cole, Mmarekani aliyesoma kwa Luria mjini Moscow, alikwenda Liberia miaka ya 1960 na kukuta majibu ya namna hiyo miongoni mwa Wakpelle. Ila yeye na Sylvia Scribner walisikiliza sababu. Wakaona kwamba mtu aliyekataa fumbo lao mara nyingi alikuwa anatoa hoja iliyonyooka kabisa, akianzia kwenye mambo anayoyajua mwenyewe, si kwenye yale aliyopewa na mgeni. Alichokosa ni zoea la darasani: kumwamini aliyeuliza swali, halafu kujifungia ndani ya maneno yake. Miaka michache ya shule hulileta zoea hilo. Sisi tuliolipata tunaliita akili.

Nikamkumbuka Mama. Mama ana duka dogo Kayole na aliishia darasa la sita. Jumapili moja nilimchorea karatasi nne juu ya friji ya soda. Nikamwambia kila karatasi ni mteja mmoja: upande mmoja alivyonunua, upande wa pili kama jina lake liko kwenye daftari. Sheria ni yake mwenyewe: mtu akichukua kitu kwa deni, jina lake lazima liandikwe. Karatasi zilisomeka DENI, TASLIMU, YUKO DAFTARINI, HAYUKO DAFTARINI.

Hakumaliza hata kupima sukari aliyokuwa anaipima. Akagusa DENI, akagusa HAYUKO.

“Na huyu aliye daftarini, Mama?”

“Huyo nimuulize nini na nimeshamwandika?”

Miaka yote hiyo nilikuwa sijasikia mtu akiieleza kadi ya 4 vizuri namna hiyo.

Kisha nikampa E, K, 4, 7. Akaziangalia kitambo. “Hii sheria ni ya nani?” akauliza. “Na ikivunjwa, nani anaumia?” Nikamwambia hakuna. Akachagua E na 4, kama mwanawe. Nilipomwambia kwamba 7 ndiye yule ambaye hayuko daftarini, alicheka. “Si ungesema hivyo toka mwanzo.”

Sitaki nijifariji kwa uongo. Swali la tisa ni swali halali, na kuna mahali ambapo hakuna mdanganyifu wa kukusaidia, kuna herufi na nambari tu. Lakini nafikiri pia kuhusu ukimya wa chumba kile. Mwaka 1998 David Moshman na Molly Geil waliwapa wanafunzi wa chuo kadi za Wason. Waliofanya kila mtu peke yake, aliyepata ni kama mmoja kati ya kumi. Waliokaa kwa makundi ya watu watano sita wakabishana, robo tatu ya makundi yalipata. Penye wengi hapaharibiki neno, wahenga walisema. Sisi tuliambiwa atakayeongea atatolewa nje.

Mwaka jana shangazi yangu alituma ujumbe kwenye kundi la familia: kila anayekunywa mchanganyiko fulani wa mitishamba hupona presha. Chini yake kulikuwa na shuhuda kumi na mbili za watu waliopona, na picha zao. Hata kama wote walikunywa kweli, hizo zilikuwa kadi za 4, kumi na mbili, zimepangwa mstari. Vidole vya kukubali vikamiminika.

Nikaandika: “Shangazi, shikamoo. Na wale ambao hawakupona, kuna aliyekunywa?”

Kundi likanyamaza. Nikajua nimekosea adabu, nikaanza kutunga msamaha. Kabla sijautuma, Mama akaandika, na Mama huwa haandiki kwenye kundi hilo.

“Kaka yetu alikunywa. Ndiyo maana aliacha tembe za kliniki.”

Mjomba tulimzika Machi.